Kilimo hai kwenye gemu: msituwekee kitufe

Leo naomba tuweke kando simu mpya na bei za bando, tuongee ukulima. Ukulima wa kwenye tarakilishi, namaanisha, ingawa mtaona hauko mbali sana na ule wa jembe.

Kuna gemu iitwayo Farming Simulator. Kwa wasioijua, inatengenezwa na kampuni ya Giants Software ya Uswisi. Toleo la kwanza lilitoka 2008, na lile la 25 likatoka Novemba 2024. Humo hakuna kuua mtu wala kukimbizana na polisi. Unaendesha trekta, unalima, unapanda, unavuna, unauza, kisha unanunua trekta kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukimweleza mzee wa Igembe kwamba kuna watu wazima Ulaya wanaotoka kazini jioni na kuketi kitini kulima shamba ambalo halipo, atakuuliza kama wana afya njema. Lakini wapo, tena kwa mamilioni, na hapa Maua pia ninawafahamu kadhaa.

Ombi moja husikika kila mara kutoka kwa wachezaji wa gemu hii: tuwekeeni kilimo hai. Yaani ule ukulima usiotumia mbolea ya kiwandani wala dawa za kemikali za kuulia wadudu na magugu. Na ukiwauliza wanataka nini hasa, jibu huwa fupi. Wanataka kitufe. Unabonyeza, shamba lako linaandikwa "hai", dawa hupulizi tena, mavuno yanapungua kidogo, bei sokoni inapanda. Kazi imekwisha.

Mimi naandika programu kwa ajili ya kula, na kitufe kama hicho naweza kukiandika kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kukikataa. Kitu kinachowachukua wakulima miaka hakiwezi kuwa kazi ya kikombe kimoja cha chai, isipokuwa kama tumeacha nje jambo lenyewe.

Na si kwamba halijajaribiwa. Julai 2010, wakati dunia nzima ilionekana kupanda mboga kwenye FarmVille huko Facebook, chapa ya vyakula hai iitwayo Cascadian Farm, iliyo chini ya kampuni ya General Mills ya Marekani, iliingiza bluberi hai kwenye gemu ile. Ulibonyeza ukapanda, ukasubiri, ukabonyeza ukavuna. Udongo uliokuwa chini ya bluberi zile haukujua tofauti yoyote kati yake na jordgubbar za jirani. Lilikuwa tangazo la biashara lililovaa majani. FarmVille yenyewe ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020, udongo na vyote.

Ile Stardew Valley nayo, aliyoitengeneza Eric Barone peke yake na kuitoa 2016, inachekesha zaidi. Kijiji kizima hakina duka la dawa za wadudu. Hakuna anayepuliza dawa kwa sababu hakuna mdudu wa kupulizia, kuna kunguru tu, nao unawafukuza kwa sanamu. Kwa hiyo wote mle ni wakulima wa kilimo hai bila wao kujua. Naipenda sana, msinielewe vibaya, ila shamba lake ni la peponi.

Sasa hebu tufungue boneti ya Farming Simulator tuone udongo umeandikwaje, maana ugonjwa uko hapo. Chukua toleo la 22. Kipande cha shamba kina hatua za mbolea: sifuri, moja, mbili. Ukiweka mbolea mara mbili, mavuno yanaongezeka kwa asilimia 45. Ukivuna, hatua zinarudi sifuri. Kila baada ya mavuno matatu shamba linadai chokaa. Na hapa ndipo pa kusikiliza vizuri: ukimwaga samadi ya ng'ombe au chembechembe za kwenye gunia, unapandisha hatua zile zile. Kwa mashine, kinyesi na kiwanda ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa maneno mengine, udongo wa gemu hauna kumbukumbu. Kila baada ya mavuno unazaliwa upya. Ulichoufanyia miaka mitatu iliyopita haukijui na wala haukujali. Kwa haki yao niseme kwamba Giants walitoa nyongeza ya bure iitwayo Precision Farming mwishoni mwa 2020, na hiyo ilileta ramani za naitrojeni na za uchachu wa udongo. Ni hatua nzuri. Bado hata hivyo ni ya mkulima mwenye trekta yenye setilaiti juu ya paa, anayetaka kujua apunguze wapi mbolea ya kununua.

Udongo halisi unakumbuka. Ukitoka Embu kuja Meru kwa barabara ya chini ya Mlima Kenya utapita Chuka. Hapo, tangu 2007, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa kilimo hai iitwayo FiBL (Uswisi tena, sijui wana nini na mashamba) pamoja na ICIPE na washirika wao wa Kenya wamekuwa wakilinganisha vipande vya shamba: vingine vya kawaida, vingine vya kilimo hai, mwaka baada ya mwaka. Kuna vingine kama hivyo upande wa Thika. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba kwenye vipande vilivyotunzwa kwa mboji na samadi nyingi, mahindi hayakuwa mabaya hata kidogo mbele ya yale ya mbolea ya gunia. Lakini faida ya mfukoni ilianza kuonekana kuanzia mwaka wa 5 ikiwa mazao yanauzwa kwa bei ya juu ya kilimo hai, na mwaka wa 6 ikiwa yanauzwa kwa bei ya kawaida.

Mwaka wa 5, ndugu yangu. Kwetu huku tuna misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na wazee wa upande huu wa mashariki mwa mlima huitegemea zaidi ile ya Oktoba. Misimu miwili mara miaka mitano ni kupanda mara kumi. Mara kumi unainama, na kitu cha kumwonyesha mkeo bado hakijaonekana vizuri. Hata wanunuzi wa ng'ambo wanalijua hilo: sheria za Umoja wa Ulaya zinataka shamba la mazao ya msimu likae miaka 2 bila kemikali kabla ya kupanda kile kitakachouzwa kama hai, na la miti miaka 3 kabla ya kuvuna. Marekani nayo inadai miaka 3. Katika kipindi hicho unalima kwa taabu ya kilimo hai na kuuza kwa bei ya kila mtu.

Kipindi hicho ndicho kilimo hai chenyewe. Kitufe kinakiruka.

Kama unadhani ninazidisha, kumbuka Sri Lanka. Serikali ya huko ilibonyeza kitufe kweli kweli. Mwaka 2021 ilipiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali, nchi nzima kwa mkupuo, ikisema sasa ni kilimo hai. Wakulima hawakuwa na mboji ya kutosha, hakuna aliyewapa muda wa kuutayarisha udongo, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kufikia Novemba mwaka ule ule serikali ilikuwa inarudi nyuma. Kosa halikuwa kilimo hai chenyewe. Waliruka misimu kumi kama anayeruka tangazo.

Basi ningefanyaje mimi? Jambo la kwanza ni kuupa udongo kumbukumbu. Badala ya namba moja inayorudi sifuri, kila kijisanduku cha shamba kiwe na namba mbili. Moja ya haraka, chakula cha mmea kwa msimu huu. Nyingine ya polepole, ule weusi wa udongo, mabaki yaliyooza. Mbolea ya gunia inapandisha ya haraka na kuiacha ya polepole ilivyo. Mboji inapandisha ya haraka kidogo tu, lakini inaongeza tone kwenye ya polepole, na hiyo ya polepole ndiyo inayoamua maji ya mvua yatakaa ardhini siku ngapi. Mwaka wa mvua nzuri mchezaji hataona tofauti, na atasema mtengenezaji ni mwongo. Mwaka wa ukame ataiona. Hesabu yake si ngumu, ni mistari michache ya msimbo. Kwenye Farming Simulator nyongeza za wachezaji huandikwa kwa lugha ya Lua, na kwenye gemu huria ya Luanti, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi 2024, ni Lua vile vile. Kijana yeyote mwenye kompyuta kuukuu anaweza kujaribu.

Jambo la pili ni majirani. Kwenye gemu, shamba langu ni langu. Kwenye ardhi, dawa ya jirani hupeperushwa na upepo mpaka kwenye sukuma wiki zangu, na wadudu wangu humtembelea yeye. Kwa hiyo kila kijisanduku kiwe kinawauliza wenzake wa pembeni: mmepanda nini, mmepuliza nini? Tukifika hapo tunaweza kuweka kitu kizuri sana ambacho sijakiona kwenye gemu hata moja, nacho ni vuta-sukuma. Mbinu hii ilitengenezwa na ICIPE pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Kenya miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inawasukuma nondo wa funza wanaotoboa mashina. Pembeni mwa shamba unapanda majani ya nepia, yanayowavuta wakatage huko, na funza wengi hufia huko huko. Desmodiamu inaongeza naitrojeni ardhini, na yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Niambieni, hicho si kitendawili safi cha gemu? Mchezaji anashinda kwa kupanga vitu vizuri. Kununua hakumsaidii.

Jambo la tatu ndilo linaloniumiza kichwa, nalo ni samadi. Watu wanaohubiri kilimo hai huongea kana kwamba samadi huanguka na mvua. Samadi ni ng'ombe. Ng'ombe ni nepia. Nepia ni ardhi, na ardhi hiyo ingekuwa mahindi. Familia yenye nusu eka kwenye miteremko ya Nyambene, yenye ng'ombe mmoja wa zizini, haiwezi kupata samadi ya kutosha nusu eka yote kila msimu. Itainunua kwa jirani, na jirani naye anaihitaji. Ile ya Chuka iliyofanya vizuri ilipewa mboji ya kushiba. Gemu ikimwachia mchezaji afungue duka na kununua samadi bila kikomo, imerudi kwenye kitufe kwa mlango wa nyuma. Kwenye gemu yangu samadi itatoka mahali, na mahali hapo patakosa kitu.

Naam, nimesema gemu yangu. Nitaifikia.

Kabla yake niguse miraa, maana huwezi kuandika ukulima ukiwa Maua ukaruka miraa. Watakucheka mpaka Muringene. Hili ni zao ambalo hakuna kampuni ya gemu itakayoligusa, na duka la programu za simu litaniuliza maswali nikiliweka. Lakini kwa mtu wa programu ni zao la ajabu. Miti ya zamani, tunayoiita mbaine, imesimama pale tangu babu zetu, haihitaji kulimiwa kila msimu, na chini yake na kando yake kuna mahindi, maharagwe, viazi vikuu, mikima ya kivuli. Mtaalamu akija anaandika kwamba huo ni mfumo wa kilimo mseto. Sisi tunauita shamba. Wapo wanaopuliza dawa siku hizi, hasa kwenye miti michanga ya kufukuzia soko, na hilo linatisha kwa sababu jani la miraa halipikwi wala halimenywi. Linachumwa asubuhi, linafungwa kwa majani ya mgomba, na linapaswa kutafunwa ndani ya siku mbili hivi kabla halijapoteza nguvu.

Miraa pia inafundisha jambo ambalo wapenzi wa lebo ya "hai" hulisahau. Uholanzi ilifunga soko 2013. Uingereza ikafunga Juni 2014. Somalia ikafunga anga Machi 2020, ikafungua Julai 2022. Mti ulikuwa ule ule, udongo ule ule, awe aliyepuliza au asiyepuliza. Mnunuzi akifunga mlango, lebo haikusaidii. Gemu zote nilizocheza zina soko linalonunua kila kitu ukileta, bei ikishuka tu kidogo. Mimi nataka soko linaloweza kufungwa usiku mmoja.

Na lebo yenyewe hupatikanaje? Afrika Mashariki tuna alama yetu, Kilimohai, iliyokuja pamoja na kiwango cha pamoja cha mazao hai cha mwaka 2007. Kulipa mkaguzi kutoka mbali ni ghali kwa mwenye nusu eka, kwa hiyo kwa masoko ya hapa kwetu kuna utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa vikundi. Leo tunakwenda kwako, kesho mnakuja kwangu. Mmoja akipuliza usiku, kikundi kizima kinachafuka. Wasomaji wanaocheza kwa mtandao wameshaona ninakoelekea: hiyo ni gemu ya watu wengi, tena ya wivu na urafiki na umbea. Wachezaji wanne wanashiriki alama moja. Mmoja ana viwavijeshi kwenye mahindi yake, wale waliotuingilia Kenya mwaka 2017, na chupa ya dawa iko agroveti, bei nafuu. Wenzake hawako mtandaoni. Afanye nini? Sijui mnaonaje, lakini mimi ningeicheza hiyo hadi alfajiri.

Masoko ya nje nayo yanataka kikundi. Meru Herbs, waliotokana na mradi wa maji wa Ng'uuru Gakirwe kule chini kwenye joto la kuelekea Tharaka, wanauza chai za mitishamba na jamu hai hadi Ulaya na Japani. Angalieni kilichotangulia: maji kwanza, familia zikiwa pamoja, kisha kiwanda, kisha lebo. Kwenye gemu nyingi lebo ingekuwa hatua ya kwanza.

Haya, gemu yangu. Kuna shirika moja, jina nalihifadhi, lililonipa kazi ya kutengeneza gemu ndogo ya simu kwa ajili ya vijana wa sehemu hizi, ili wapende kilimo hai. Nia njema kabisa, na malipo yake yananifaa. Kwenye karatasi yao ya maelezo kuna sentensi inayotaka kwamba kufikia msimu wa tatu mchezaji wa kilimo hai awe amemshinda yule wa kemikali na kununua gari. Msimu wa tatu ni mwaka mmoja na nusu.

Nimewaeleza habari za Chuka. Nimewaeleza kwamba vijana watakaoicheza hawaishi Zürich, wanaishi hapa, na asubuhi watatoka nje waangalie shamba la mama yao. Mmoja wao akimshawishi mama aache mbolea ya gunia kwa sababu simu ilisema gari linakuja baada ya misimu mitatu, njaa ya mwaka wa pili haitakuwa ya kwenye skrini. Shirika linasema gemu yenye miaka mitano ya taabu hakuna atakayeimaliza, na kijana akiifuta simuni hatajifunza chochote. Hoja yao ina uzito, siikatai. Mchezaji ni mtu wa kukimbia.

Niliwapa vijana sita toleo la majaribio, lile langu lenye udongo wa polepole. Wawili waliacha siku ya kwanza. Mmoja aliyebaki, wa kidato cha tatu, alifika mwaka wa pili, akaangalia ghala lake, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hapa katikati tunakula nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, na tangu siku ile ndilo ninaloliandikia msimbo. Sasa mchezaji halazimiki kubadilisha shamba lote. Anaanza na robo eka kando ya zizi, sehemu nyingine inaendelea kwa gunia kama kawaida, na familia ina chungu chenye hesabu yake: kikikauka siku kadhaa mfululizo, mtoto anaacha shule na mchezo unaendelea bila yeye. Gari nimeliondoa. Shirika halijajibu barua pepe yangu ya mwisho, na sehemu ya pili ya malipo iko kwao.

Wiki hii nimeongeza mbuzi wawili. Nimepiga hesabu ya samadi yao mara tatu, na bado haitoshi robo eka.